Kitabu kizuri, mjadala baridi: kisa cha klabu moja ya vitabu Dar es Salaam

Klabu ina watu 11. Hukutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa 10 alasiri, barazani kwa mmoja wao, na saa 12 hutawanyika kabla foleni haijashika. Mdogo ana miaka 24, mkubwa 67. Wamo walimu wawili, mhasibu, muuguzi, fundi umeme, wanafunzi wa chuo, mama mmoja mstaafu wa benki, na wengineo. Haina jina hapa kwa sababu tumeijenga kutokana na mambo yanayojirudia katika klabu nyingi za usomaji. Vitabu vinavyotajwa ni vya kweli.

Lalamiko lilikuwa hili: kwa miezi mitatu mfululizo mjadala ulikuwa unakata roho ndani ya dakika 20. Baada ya hapo ni kahawa, kashata na habari za bei ya mafuta. Klabu ikajilaumu yenyewe, kwamba watu hawasomi na simu zimewaharibu. Lakini mwezi wa kwanza waliohudhuria walikuwa 10, na 9 kati yao walikimaliza kitabu. Watu walisoma. Walichokosa ni kitu cha kubishania.

Kitabu cha mwezi huo kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Hakuna aliyepinga, nani atampinga Shaaban Robert? Ila tazama kilivyojengwa. Karama ameshtakiwa na waziri Majivuno, naye anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mema na malipo yao yakawa gereza. Msomaji anajua asimame upande gani tangu mwanzo, maana Majivuno jina lake tu limekwisha kumhukumu. Waulize watu 10 nani ana haki, wote watakujibu Karama. Haya, mmekubaliana. Saa moja na dakika 40 zilizobaki mtazungumza nini?

Tena wengi walikuwa wamekisoma sekondari. Midomo ilipofunguka yakatoka majibu ya mtihani: dhamira kuu, dhamira ndogondogo, fani na maudhui, matumizi ya majina ya wahusika. Mwalimu mmoja akajikuta anasahihisha, na fundi umeme, ambaye hakuipenda shule hata siku moja, akanyamaza mpaka mwisho. Kitabu kilichowahi kuwa cha mtihani huja na majibu yake mkononi. Hiyo si sababu ya kukikataa, lakini kinadai swali ambalo karatasi ya mtihani haikuwahi kuliuliza. Kwa Kusadikika swali hilo lipo: wajumbe sita walifungwa mmoja baada ya mwingine, raia wa nchi hiyo walikuwa wapi siku zote hizo? Hakuna aliyeliandaa, kwa hiyo halikuulizwa.

Mwezi wa pili wakarukia ukingo wa pili wa mto. Mtu alituma picha ya jalada la Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990), na hoja iliyokipitisha ilikuwa moja: chembamba, kitasomeka kwa siku mbili. Watatu tu ndio waliofika nacho mwisho. Nagona haifuati mwendo wa kisa uliozoeleka; wakati na mahali vinayeyuka, na msomaji anayesubiri aambiwe nani ni nani atasubiri sana. Kwa kundi lililokwisha kushiba riwaya za kawaida ni hazina. Kwa kundi hili, wakati huo, kilikuwa ukuta. Wembamba wa kitabu hauonyeshi uzito wake, na hili ni kosa ambalo klabu hulirudia kuliko yote, kwa sababu hesabu ya kurasa ni rahisi na inaonekana ya haki.

Mwezi wa tatu, kwa hasira kidogo, wakachagua kitabu cha tafsiri kuhusu kufanikiwa kifedha. Siku hiyo baraza lilichangamka. Huyu alieleza alivyodhulumiwa kiwanja, yule mambo ya kikoba chake, mwingine kuku waliokufa wote kwa mdondo. Lakini kwa saa mbili hakuna aliyefungua kitabu, na mwanachama ambaye hakukisoma kabisa aliongea kuliko wote. Vitabu vya ushauri ndivyo vilivyo: hugeuza kikao kuwa ibada ya ushuhuda. Ni jioni nzuri, ila mngeweza kuipata bila kununua kitabu.

Njia ya kuchagua miezi yote mitatu ilikuwa ileile. Anayejisikia anatuma jalada kwenye kundi la WhatsApp, wengine wanaweka dole gumba, chenye madole mengi kinapita. Ukichunguza kura hizo utaona watu hupigia jina wanalolijua, jalada linalovutia, au kitabu wanachotamani waonekane wamekisoma. Katika vitabu vitatu vilivyopita, aliyependekeza alikuwa amekisoma chote hivi karibuni mara moja tu. Yaani kundi zima lilikuwa linanunua mbuzi kwenye gunia.

Marekebisho yalianza na kanuni moja isiyo na mjadala: anayeleta kitabu awe amekisoma hadi ukurasa wa mwisho ndani ya mwaka huo. Kila mwezi watu wawili wa zamu huleta vitabu vitatu, si kumi. Kwa kila kitabu wanaleta pia maswali matatu yaliyoandikwa, na swali haliingii mpaka wao wawili waweze kulijibu kwa majibu yanayopingana, kila mmoja akionyesha ukurasa wake. Wanapewa dakika 10. Wakikaa dakika 10 wasipate hata mawili, kitabu kinarudi kabatini, hata kiwe kitamu namna gani. Kuna vitabu vitamu vya kusoma peke yako chini ya chandarua, na hakuna ubaya wowote katika hilo.

Pili ni kupima mwendo. Mleta kitabu anasoma kurasa 15 za katikati, siyo za mwanzo (mwandishi yeyote hujitahidi mwanzoni), huku saa inahesabu. Tuseme zimemchukua dakika 45. Hiyo ni kurasa 20 kwa saa. Mwanachama mwenye kazi na watoto akiiba saa tatu kwa wiki, atasoma kurasa 60 kwa wiki na 240 kwa wiki nne. Wiki moja kati ya nne itakufa kwa msiba, harusi au umeme kukatika, na hilo si kukata tamaa bali uzoefu. Zinabaki 180. Kitabu cha kurasa 300 kwa mwendo huo kinahitaji wiki sita, basi kipewe miezi miwili au kiachwe. Wangeipima Nagona hivi wangegundua mapema kwamba kurasa 15 zake zinataka kurudiwa.

Tatu ni nakala, na hili lifanyike kabla ya kura. Riwaya nyingi za Kiswahili za miaka ya 1970 na 1980 zinapatikana kwa kubahatisha: duka lina mbili, lingine linasema rudi mwezi ujao. Mtu wa zamu apige simu maduka matatu, aulize idadi, siyo "mnacho?" Jibu la "tunacho" huwa lina maana ya nakala moja iliyofifia kwenye kioo. Zikipatikana nakala sita kwa watu 11, wanasoma kwa jozi: wa kwanza ana siku 16, wa pili siku 16, na mkutano unasogezwa wiki moja. Mtu mmoja anabaki na nakala ya sita peke yake. Apewe yule anayesoma polepole zaidi. Kutoa fotokopi ya kitabu kizima kunamnyima mwandishi haki yake, na zaidi ya hapo mistari ya pembeni mwa kurasa hukatika, kisha mnabishana juu ya sentensi ambayo nusu yenu hawajaiona.

Kura yenyewe ikabadilika. Kila mtu anajaza namba mbili, 1 hadi 5: ningependa kukisoma kiasi gani, na maswali haya yananichokoza kiasi gani. Kinachoshinda ni chenye jumla kubwa katika namba ya pili, ilimradi wastani wa ya kwanza usishuke chini ya 3. Kitabu kilichopata 5 za kupendwa na 2 za kuchokoza ni Kusadikika nyingine.

Kwa utaratibu huo ikapita Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971, ambayo iliwahi kuzuiwa isitumike shuleni. Rosa analelewa Ukerewe na Zakaria, baba mlevi na mkali, anayempiga kwa kupokea barua ya mvulana. Akitoka chini ya mkono huo anakutana na dunia ambayo hakuandaliwa kuikabili. Deogratias, mtu mwenye cheo, anamrubuni, Charles anataka kumwoa, kisha anamkataa kwa kuwa si bikira, Rosa anajiua. Sura ya mwisho inawakutanisha baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja ana la kumlaumu mwenzake. Yaani kitabu chenyewe kinafungua mahakama na kumwita msomaji ndani.

Maswali ya zamu yalikuwa matatu, lakini moja lilitosha: lawama ya kifo cha Rosa igawanywe vipi?

Kabla ya kufika barazani palikuwa na tatizo ambalo kitabu chochote kingelikuta. Katika kundi lenye mzee wa miaka 67 na kijana wa 24, mkubwa akitangulia kusema, wadogo watatu wanaofuata husema "kama alivyotangulia kusema mzee". Si woga wala si uvivu wa fikra. Ndivyo tulivyofundishwa, na huwezi kuamuru kwa saa mbili mtu asahau shikamoo. Unachoweza ni kupanga mambo ili mdogo awe amekwisha kusema kabla mkubwa hajafungua mdomo, bila kumvunjia mtu heshima.

Zikaletwa komwe za bao. Kila mmoja alipewa 10. Mkekani ziliwekwa karatasi tano: Zakaria, Deogratias, Charles, Rosa, na ya tano tupu kwa yeyote utakayemtaja mwenyewe. Kwanza kila mtu aliandika mgawo wake kwenye kipande cha karatasi, kimya, dakika tatu. Kisha wakaweka komwe kuanzia mdogo kwenda mkubwa, na aliyekwisha kuandika haruhusiwi kubadili. Waliohudhuria walikuwa 9, komwe 90. Zakaria alipata 38, Deogratias 17, Rosa 15, Charles 14, karatasi tupu 6.

Binti wa chuo alikuwa ameweka 4 kwa Charles. Mzee alikuwa ameweka 7 kwa Zakaria, moja tu kwa Charles.

"Mzee, samahani, naomba nikupinge kidogo," binti akaanza. "Charles alisema anampenda. Alimkataa kwa sababu gani nyingine zaidi ya ile moja?"

"Mwanangu, Charles alikuta ameshaharibika."

Kimya kidogo. Mama mstaafu wa benki akaweka kikombe chini. "Hilo neno, baba. Hilo hilo. Kuharibika. Ndilo lililompeleka yule mtoto kaburini."

Mzee hakukasirika, aliomba kitabu. Wakatafuta sehemu ile, mmoja akaisoma kwa sauti, wakabishana kama maneno yale ni ya mwandishi au ya mhusika. Muuguzi akauliza kwa nini hakuna aliyemweka Regina, mama yake Rosa, na hapo karatasi tupu ikapata wateja na wapinzani kwa mpigo, maana walimu wote wawili waliona ni dhuluma kumlaumu mke anayepigwa. Fundi umeme, yule wa kunyamaza, alizungumza mara nne.

Saa 11 na nusu kila mtu akaruhusiwa kuhamisha komwe zake. Matokeo: Zakaria 29, Charles 21, Deogratias 19, karatasi tupu 12, Rosa 9. Zakaria alipoteza 9 na Rosa 6, kwa hiyo komwe 15 zilikwenda kwa wengine. Mzee aliongeza 2 kwa Charles bila kutoa hotuba.

Hesabu hiyo ya komwe zilizohama ndiyo kipimo tunachokiamini kuliko kelele. Inaonyesha kama kitabu kilikuwa na uwezo wa kumsogeza mtu. Na inaeleza kwa nini Rosa Mistika ilifaa: hakuna mhusika asiye na lawama kabisa, hakuna anayebeba yote, na kila hoja ina ukurasa wa kuirudia.

Kuna jambo moja lilitakiwa lifanyike mapema zaidi. Kitabu kina ubikira uliopotea kwa hila, kipigo na kujiua. Mwaliko wa wiki iliyotangulia ulilitaja hilo kwa sentensi moja, na mwanachama mmoja akaamua kutokuja. Sentensi hiyo ingepelekwa siku ya kura, angeweza kusema mapema, kwa faragha, na pengine kitabu kingine kingeshinda. Sasa inakaa kwenye fomu ya mapendekezo, chini ya kurasa na nakala.

Mafanikio yakawalevya. Mwezi uliofuata wa zamu walifikiri siri ni moto, basi wakaleta kitabu cha siasa za karibuni, na kura ikakipitisha kwa namba kubwa za kuchokoza. Saa mbili hazikutosha. Watu walikatizana, sauti zilisikika mpaka barabarani, wawili wakatoka kwenye kundi la WhatsApp usiku huohuo (mmoja alirudi Jumatatu). Komwe zilizohama: sifuri.

Kosa halikuwa siasa. Lilikuwa kwamba kila mtu alifika na jibu lake la tangu kabla ya kusoma, na hakuna ukurasa ambao ungeligusa. Maswali ya zamu yote matatu yangeweza kujibiwa na mtu ambaye hajafungua kitabu. Ndiyo maana kwenye jaribio la dakika 10 kukaongezwa sharti: mmoja wa wale wawili wa zamu ataje sehemu iliyomfanya yeye mwenyewe ayumbe wakati anasoma. Akisema hakuna, swali hilo ni la kijiweni, si la klabu. Sharti hili linakata vitabu vingi vya dini na vya vyama, lakini si vyote, na linakata pia riwaya ambazo mwandishi amekwisha kuamua kila kitu kwa niaba yetu.

Upande wa kuuliza nao ulinyooshwa. "Mmekionaje kitabu?" limepigwa marufuku, kwa sababu jibu lake kwa Kiswahili cha adabu ni "kizuri, kimenifundisha mengi" na mlango unafungwa. Lililochukua nafasi yake ni la kitendo: ungekuwa wewe ndiye mama yake, ile siku ya barua ungefanya nini? Mtu akitoka nje ya kitabu kuelezea maisha yake, anaachwa dakika mbili kisha anaulizwa, "na hilo tunaliona wapi humu?" Si kumnyamazisha. Mara nyingi huwa anapo, na anaporudi na ukurasa mkononi ndipo habari yake inapopata uzito kwa wengine.

Kitabu kilichopita kwa mwezi ujao ni Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, ya riwaya ya Kiingereza ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz kufidia deni la baba yake, naye anadhani anakwenda na mjomba. Khalil, kijana wa dukani kwa Aziz, ndiye anayemzindua kwamba yule si mjomba wake. Mwishoni Yusuf anaukimbilia msafara wa Wajerumani, na mwandishi hasemi kama anakimbilia uhuru au kamba nyingine. Aziz hapigi, hapayuki, ananukia udi. Umchukie vipi mtu kama huyo? Kwenye jaribio la dakika 10, wawili wa zamu walipata maswali matano.

Mwendo uliopimwa ni kurasa 18 kwa saa, kwa hiyo mkutano umesogezwa mbele wiki mbili. Wanachama wanne wanacho kwa Kiingereza, na namba za kurasa hazilingani na za tafsiri. Mjadala utataja sura, ambazo ziko sita, na tukio. Wenye Kiingereza wameombwa waweke alama kila walipokuta neno la Kiswahili limeachwa lilivyo, ili waulizane na wenzao linasikikaje likiwa limerudi nyumbani.

Komwe zimeoshwa na kukaushwa. Karatasi tatu zimekwisha kuandikwa: Aziz, baba yake Yusuf, Yusuf mwenyewe. Ya nne imeachwa tupu.